Nilirudi Granada bila cheti, nikala kama mwenyeji

Ukisomea ng'ambo kisha urudi nyumbani mikono mitupu, kuna swali utaulizwa hadi ulizoee: sasa ulileta nini? Mjomba atakuuliza kwenye mazishi, mbele ya watu. Mwalimu wako wa sekondari atakuuliza mkikutana steji. Ex wako atauliza kupitia rafiki. Mimi huwajibu kwamba nilileta tumbo. Wao hucheka, lakini mimi huwa nimemaanisha.

Sikiza. Mwaka wa 2019 nilipata nafasi ya kusoma muhula mmoja Granada, mji ulio kusini mwa Uhispania, kupitia mpango wa kubadilishana wanafunzi. Mwaka uliofuata, nikiwa nimerudi Kenya, karo ya chuo changu ilinizidi nguvu nikaondoka. Sijutii, na wala sitafuti wa kunihurumia. Tangu hapo naandika mtandaoni, natafsiri vijikazi vya Kihispania vikipatikana, na Mei mwaka wa 2025 nilikuwa nimejikusanyia doo za kutosha kurudi Granada kwa siku tisa. Sikuwa na darasa la kwenda kusalimia. Nilienda kula.

Kwa hivyo hii ni yako wewe ambaye kuna mji fulani ulikusomesha, uwe Kampala, Pune, Kuala Lumpur au Guangzhou, na kuna siku unaota kurudi. Neno langu ni hili: ukifika, tafuta kwanza kile ulichokuwa ukila wakati umesota. Hoteli za kifahari za mji huo hazikujui. Kile kibanda cha nyuma kinakujua.

Granada ina jambo moja ambalo ukilisimulia Nairobi watu wanadhani unawabeba ufala. Unaingia baa, unaagiza kinywaji, na kinywaji kinakuja na chakula cha bure. Kinaitwa tapa. Kisahani kidogo: leo mkate na jibini, kesho samaki wadogo wa kukaanga, siku ingine viazi vya mchuzi au vipande vya nyama. Huchagui. Anayechagua ni jikoni. Ukiagiza kinywaji cha pili, kinakuja kisahani tofauti na cha kwanza, na cha tatu huwa kimeshiba zaidi, kwa sababu mwenye baa anataka ukae. Neno lenyewe maana yake ni kifuniko. Hadithi wanayokusimulia ni kwamba zamani kipande cha mkate kiliwekwa juu ya glasi ili nzi wasizame ndani. Iwe kweli au la, ni hadithi ya kuvutia kuisikia ukiwa na njaa.

Usidhani Uhispania yote iko hivyo. Ukienda Barcelona ukakaa ukingoja chakula cha bure utangoja hadi wafunge. Madrid unaweza kuletewa zeituni chache au krisps. Desturi hii imeshika sana huku kusini mashariki: Granada, Jaén, Almería. Na hapo Granada kuna sababu nyingine ambayo hakuna anayekuambia lakini inaonekana kwa macho. Mji una watu kama 230,000 hivi, na chuo kikuu chake, kilichoanzishwa mwaka wa 1531, kina wanafunzi zaidi ya 50,000. Fikiria mitaa iliyojaa vijana wasio na pesa wanaotaka kukaa nje kila jioni. Baa ziko ubavu kwa ubavu. Bia ya huyu na ya yule ni ileile, bei zao zinakaribiana, kwa hivyo wanapigania wateja kwa kisahani. Ukipika vibaya, mbogi nzima inahamia mlango unaofuata.

Sasa hesabu, maanake najua unaitaka. Mwaka wa 2019 glasi ndogo ya bia au soda pamoja na tapa nilikuwa nikilipa euro 2. Raundi tatu, euro 6, na hiyo ilikuwa chajio. Kwa bei ya euro ya wakati ule, takriban shilingi 690. Si pesa kidogo, usinielewe vibaya. Kwa pesa hizo Nairobi ungekula chapo madondo siku kadhaa. Lakini kwa Ulaya hiyo ni zawadi. Mwezi Mei baa zilezile ziliniomba karibu euro 3. Raundi tatu ni euro 9, na kwa euro ya shilingi 145 hivi, hiyo inafika 1,300. Pesa yangu ya mapumziko ilikuwa ikiyeyuka kila nikiinua glasi.

Kama hunywi pombe, usiogope. Kisahani hakiulizi kilichomo kwenye glasi. Agiza soda, au agiza mosto, ambayo ni maji ya zabibu yasiyochachuka, na chakula kitakuja vilevile. Nguruwe ndiye mtihani. Yuko kila mahali: mapaja yake yaliyokaushwa kwa chumvi yananing'inia juu ya kaunta kama miavuli, na vipande vyake vinajificha hadi kwenye sahani ya mboga. Kuna historia ndani ya mapaja hayo. Granada ndio uliokuwa mji mkuu wa mwisho wa Waislamu nchini humo, ukaangukia mikono ya wafalme Wakristo tarehe 2 Januari 1492, na katika miaka iliyofuata mtu aliyesitasita mbele ya nguruwe angeweza kushukiwa na majirani. Siku hizi mambo ni mengine. Mtaa wa Albaicín, ule wa nyumba nyeupe mlimani unaotazamana na kasri ya Alhambra, una msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka wa 2003, na ukishuka kijia cha Calderería utapata Wamoroko wakiuza chai ya nanaa na nyama ya halali. Kwa mhudumu yeyote sema tu "sin cerdo", bila nguruwe, na useme kabla ya sahani kuja.

Safari yenyewe nitaipitisha haraka. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Utaombwa taarifa za benki, na kama wewe ni mtu wa kazi za mtandaoni kama mimi, jiandae kueleza kila shilingi iliyoingia na kutoka. Kisha ndege hadi Madrid kupitia Addis Ababa, halafu basi la karibu masaa matano kuelekea kusini. Katika masaa mawili ya mwisho ya hilo basi huoni kitu ila mizeituni. Mistari na mistari ya mizeituni, kama vile chai inavyojaa macho ukipita Kericho. Ndio mkoa wa Jaén huo. Uhispania ndiyo inayoongoza duniani kwa mafuta ya zeituni, na sehemu kubwa inatoka hapo.

Nilifika saa tisa unusu alasiri, na hapa kuna onyo kwa tumbo la Mkenya. Wahispania hula chamcha kati ya saa nane na saa kumi, na chajio saa tatu au saa nne usiku. Ukiingia kwenye mkahawa saa moja jioni ukitaka chakula cha usiku, utakaa na watalii wa Kiingereza na mpishi aliyenuna. Moja ya sababu ni kwamba saa zao zimekosana na jua. Mwaka wa 1940 serikali ya Franco ilisogeza saa mbele kwa saa moja na haikuwahi kuzirudisha. Kwa hivyo inaposoma saa nane mchana, jua linasema bado kabisa. Nilipokuwa mwanafunzi, wiki ya kwanza nilikuwa nikilala njaa kwa sababu nilitafuta chakula saa ambayo majiko yamezimwa. Safari hii nilijua. Niliacha mkoba hosteli, nikaenda moja kwa moja kula menú del día.

Hiyo nayo ijue. Tangu miaka ya 1960 mikahawa ya huko imekuwa ikiuza mlo wa mchana wa bei moja: sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji, na kitindamlo au kahawa. Ni chakula cha mafundi, madereva na makarani. Nilikula gazpacho, kisha kuku wa kitunguu saumu, kisha tikiti maji. Euro 13. Mwaka wa 2019 mkahawa uleule ulikuwa ukinitoza 9.

Acha nikae kidogo kwenye hiyo gazpacho, kwa sababu inaeleza kila kitu. Ni supu ya baridi. Nyanya zilizoiva kupita kiasi, tango, pilipili hoho, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, siki, na wengi huweka mkate wa jana uliokauka, vyote vikasagwa. Ni chakula cha vibarua waliofanya kazi kwenye joto la Andalusia bila moto wala nyama. Binamu yake ni migas: mkate mkavu uliobomolewa, ukanyunyiziwa maji, ukakaangwa kwa mafuta na vitunguu saumu hadi ukawa punje, halafu juu yake pilipili, dagaa au soseji. Huku Granada na jirani yake Almería, siku ya mvua ndiyo siku ya migas, na wengine huzipika kwa unga badala ya mkate. Mara ya kwanza nilipoziona nilidhani mtu ameharibu ugali. Nilipozionja nikamwomba mwenye baa samahani kimoyomoyo. Wahispania wamejaza meza kwa vitu ambavyo mtu mwenye pesa angevitupa, na nchi ambayo imejifunza kupika mkate wa jana namna hiyo haiwezi kukunyima chakula.

Sasa nije kwa sahani niliyoota nayo miaka sita. Biringanya.

Najua. Nyumbani tulilazimishwa kula biringanya tukaichukia. Huku wanaikata vipande vyembamba, wanaipaka unga, wanaitumbukiza kwenye mafuta moto hadi inakuwa kavu nje na laini ndani, kisha wanaimwagia asali ya miwa. Hiyo asali haina nyuki hata mmoja. Ni maji ya miwa yaliyochemshwa hadi yakawa meusi na mazito. Fikiria sukari guru iliyoyeyushwa. Miwa ililetwa sehemu hizo na Waarabu, ikalimwa kwenye pwani ya Granada kwa karne nyingi, hadi kiwanda cha mwisho cha sukari ya miwa cha pwani hiyo kilipofungwa mwaka wa 2006. Asali yenyewe bado inatengenezwa Frigiliana, mkoa jirani wa Málaga. Chumvi kidogo, utamu mchungu kidogo, na ule mlio wa unga mkavu mdomoni. Nilikula sahani nzima peke yangu nimesimama kwenye kaunta, na mzee aliyekuwa kando yangu akasogeza kiti chake ili nipate nafasi ya viwiko.

Na hapo ndipo lugha ilianza kunichezea. Kwao biringanya ni berenjena. Yaseme yote mawili kwa sauti. Ni ndugu, yana mzizi mmoja kwenye Kiarabu na Kiajemi. Sukari ni azúcar. Zeituni ni aceituna. Zafarani ni azafrán. Wanapoagana wanasema "hasta luego", na hilo "hasta" ni "hatta" ya Kiarabu, ileile iliyotupa sisi "hata". Wakitamani jambo litokee wanasema "ojalá", na ndani yake mna jina la Mungu lililotamkwa na Waislamu waliotawala huko. Ukiagiza tufe za nyama za kusaga kwenye mchuzi, zinaitwa albóndigas, kutoka jina la Kiarabu la kokwa ya duara, jina ambalo liliendelea na safari zake hadi likatupatia "bunduki". Mimi ni mtoto wa Nairobi, Kiswahili changu kina mashimo, lakini mtu wa Lamu au Mombasa akikaa kwenye kaunta hiyo atasikia watu wa ukoo wakiongea kwa mbali. Mwaka wa 2019 hilo ndilo lililonisaidia kujifunza Kihispania haraka kuliko wenzangu wa darasa. Wao walikariri. Mimi nilikuwa nikikumbuka.

Si kila kitu kilikuwa kitamu. Siku ya tatu nilipanda hadi mtaa wa Realejo, uliokuwa zamani mtaa wa Wayahudi, kutafuta nyumba niliyoishi. Ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, bila lifti, ikikaliwa na ajuza mmoja ambaye hakuwa mwenye nyumba. Yeye mwenyewe alikuwa mpangaji wa miaka mingi na alikuwa akitukodishia wanafunzi wawili chumba kimoja kimoja ili kodi ipatikane. Yeye aliniita "hija", binti yangu. Mimi kichwani nilimwita shosho. Pale mlangoni sasa kuna kisanduku cha chuma chenye namba za siri, kile ambacho mtalii hubonyeza apate ufunguo. Jina lake halipo kwenye kengele.

Ukitembea Realejo au Albaicín hesabu hivyo visanduku. Mimi niliacha nilipofika arubaini. Nyumba nyingi zimegeuzwa vyumba vya wageni wa siku mbili, na watu wa mtaa wanasukumwa pembeni mwa mji. Wahispania hawajanyamaza: Juni 2024 maelfu waliandamana Málaga, na tarehe 5 Aprili 2025 watu wakajaa barabarani katika miji mingi ya nchi hiyo wakilalamikia bei ya nyumba. Ukiwa mgeni fikiria unalala wapi. Mimi nililala kitanda cha juu kwenye chumba cha watu wanane, na hiyo ilikuwa sababu ya mfuko zaidi ya dhamiri, nikuambie ukweli.

Duka la mkate la pale chini lilikuwa bado lipo. Mwenye duka alinikumbuka, au alijifanya, na akanipa namba ya simu ya binti wa shosho.

Yuko Zaidín sasa, mtaa wa kusini wa watu wa kawaida, ghorofa za matofali, nguo zimeanikwa madirishani, hakuna mtalii. Ukitaka kujua Granada inakula nini siku isiyopigwa picha, nenda Zaidín. Alinifungulia mlango akiwa amefunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Ugonjwa wa viungo. Tulikumbatiana, akanipima kwa macho, akasema nimekonda, kitu ambacho shosho yeyote duniani angesema.

Huyu ndiye aliyenifundisha tortilla de patatas. Usichanganye na ile tortilla ya Mexico ya mahindi. Hii ni mayai na viazi, nene kama kitabu cha simu cha zamani. Mwaka ule alikuwa akiipika kila Jumapili na alikuwa na sheria. Viazi vikatwe vyembamba, visilingane. Vipikwe ndani ya mafuta mengi kwa moto mdogo hadi vilainike, visigeuke chips. Kitunguu kiwemo. Kuhusu kitunguu, Uhispania imegawanyika kambi mbili zisizopatana, na shosho wangu aliwaona wa kambi ya pili kama watu wasiolelewa. Kisha mafuta yachujwe, yatumike tena kesho, viazi vichanganywe na mayai mabichi na viachwe vitulie robo saa. Ndipo vinarudi kwenye kikaango. Halafu inakuja ile sehemu ya moyo kudunda: unafunika kikaango kwa sahani, unageuza vyote juu chini kwa mkupuo mmoja, na unairudisha tortilla ipikike upande wa pili.

Kwa kile kifundo hawezi tena kugeuza. Binti yake hufanya kazi hadi usiku. Akaniambia hajala tortilla ya nyumbani tangu kipupwe, ananunua ile ya supamaketi iliyofungwa kwa plastiki, na alivyotamka neno plastiki ungedhani ni tusi.

Tukaingia jikoni. Akakaa kwenye kiti, mimi nikasimama.

"Ulimaliza masomo?" akaniuliza.

Nilikuwa nimelijibu swali hilo mara mia nyumbani, na mara nyingi kwa mzaha. Nikasema hapana, pesa ziliisha. Akatikisa kichwa mara moja. Akasema yeye alitolewa shule akiwa na miaka kumi na moja kwenda kuokota zeituni Jaén, na kwamba kiazi nilichoshika kina jicho halijatolewa.

Nikalitoa. Nikakata, nikapika, akanusa kutoka kwenye kiti na kuniambia nipunguze moto bila kuangalia. Mafuta yalikuwa ya alizeti. Baada ya ukame wa 2022 na 2023 mavuno yalianguka, na mwanzoni mwa 2024 lita moja ya mafuta ya zeituni ilikuwa imekaribia euro 10. Watu wa Andalusia, waliozaliwa katikati ya mizeituni, walianza kuhesabu matone. Bei imeshuka tangu wakati huo, lakini yeye alisema mkono ukishazoea kubana hauachi. Chupa ndogo ya zeituni ilikuwa juu ya rafu, ya kumwagia mkate tu.

Wakati wa kugeuza ulipofika alisimama. Hakusema kitu. Nikaweka sahani, nikavuta pumzi, nikageuza. Ilitoka nzima, ya rangi ya dhahabu, na tone moja la yai likanichoma kifundoni. Akapiga makofi kwa mkono mmoja juu ya paja. Tulikula saa nne na robo usiku, pamoja na nyanya na mkate, na ndani ilikuwa bado na unyevu kidogo kama anavyotaka. Alikula vipande viwili. Kingine akakifunika kwa sahani, cha binti yake. Nilirudi kupika siku ya sita na siku ya nane.

Sasa, kuna vitu nilivyokula ambavyo havistahili aya. Paella ni kimoja. Paella ni ya Valencia, kule wanaipika kwa kuku, sungura na maharagwe ya kienyeji, na mtu wa Valencia akiona ile wanayowauzia watalii karibu na kanisa kuu la Granada, yenye picha kwenye ubao na wali wa manjano uliopashwa moto, atalia. Niliijaribu kwa sababu ya kazi. Wali wa nazi wa shangazi yako ukilala hadi asubuhi bado unaishinda. Churros na chokoleti nzito nilikula asubuhi mbili, tamu, lakini unga wa kukaanga ni unga wa kukaanga na mandazi tunayo. Konokono nilikwepa mwaka wa 2019 nikala sasa. Mei ndio wakati wao, wanakuja kwenye glasi na mchuzi wa viungo. Mchuzi ni moto. Konokono ni konokono.

Kinachostahili ni pionono, kitu kidogo kuliko kidole gumba mara mbili: keki laini iliyokunjwa, imeloweshwa maji ya sukari, juu krimu iliyounguzwa. Kinatoka Santa Fe, mji mdogo wa jirani, na kimepewa jina la Papa Pius wa Tisa. Ukifika kula viwili, kwa sababu cha kwanza kinaisha kabla hujakielewa.

Na kama unataka kujaribu ile tortilla hapa nyumbani, hii ndiyo hesabu ninayotumia kwenye bedsitter yangu yenye jiko la meko. Viazi vya Shangi sita vya wastani. Mayai sita. Kitunguu kimoja kikubwa. Mafuta ya alizeti ya kutosha kufunika viazi, ambayo utayachuja na kuyatumia tena. Chumvi mapema, ikae ndani ya viazi. Shangi hulainika haraka, kwa hivyo simama hapo, usiende kuscroll simu. Kikaango kisiwe kipana. Ukitumia kipana utapata chapati ya mayai. Sahani ya kugeuzia iwe kubwa kuliko kikaango, na kama hujawahi kugeuza, fanyia juu ya sinki.

Mtu wa Dar atakuambia hiyo ni chipsi mayai. Wanafanana, ni kweli, lakini chips za Dar zinakaangwa hadi zikauke kabla ya yai kumwagwa, hapa viazi havitakiwi kukauka hata kidogo. Jumamosi iliyopita nilimpa kipande jirani wangu wa mlango wa tatu, fundi wa simu. Alikitazama kwa muda akauliza ni nani amelaza chips ndani ya mayai bila kuziivisha. Akala. Akauliza kama kuna kingine, na kama niko na kachumbari.